Nilivyounguza kabichi kwa tope la biogesi

Nilipojenga mtambo wa biogesi, unaoozesha samadi bila hewa ili kutoa gesi, jirani aliniambia kwa uhakika kwamba gesi hunyonya rutuba yote ya samadi, na kwamba tope linalotoka ni makapi ya kumwaga. Nilimsadiki msimu mzima, na hadi leo naona aibu. Gesi hiyo ni metheni na kabonidayoksaidi, kwa hiyo kinachoondoka ni kaboni. Naitrojeni, fosforasi na potasiamu karibu zote hubaki kwenye tope. Tena sehemu ya naitrojeni iliyokuwa imefungwa ndani ya samadi huwa imekwisha kugeuka amoniamu, aina ya naitrojeni ambayo mmea huipata mapema.

Nilipolijua hilo, kiburi kikanipanda. Saa sita mchana, jua likiwa la utosi, nilibeba ndoo za tope zito lisilozimuliwa na kuzimwaga juu ya kabichi, majani na yote. Harufu iliyonichoma macho niliifurahia nikidhani ndiyo nguvu ya mbolea, kumbe ni mbolea yenyewe ilikuwa ikipaa: tope hilo lina alkali kidogo, pH yake (kipimo cha asidi na alkali) mara nyingi ni kati ya 7.5 na 8.5, na kwenye joto na upepo amoniamu hugeuka gesi ya amonia ikaenda zake hewani. Siku chache baadaye kingo za majani zilikuwa za kahawia kana kwamba zimepitiwa na moto. Mstari uliosalimika ni ule wa mwisho, ambako nilikuwa nimeishiwa nguvu za kubeba ndoo.

Safari ya pili nilingoja jioni, nikachimba vifereji kando ya mimea, nikamimina tope lililochanganywa na maji ya kiasi sawa nalo, nikalifukia papo hapo. Shimo la kuhifadhia nalo sasa lina kifuniko.

Ujanja ninaojivunia ni huu: kabla ya kulipeleka shambani, huotesha mbegu chache kwenye kitambaa kilicholoweshwa tope lililozimuliwa sana, na nyingine kwenye maji matupu. Zile za tope zikigoma kuota na za maji zikaota, najua tope halijaiva, kwani tope lililotoka mapema hubaki na asidi zinazodhuru mizizi michanga.

Niliambiwa pia kwamba mtambo huua mbegu zote za magugu. Labda ule unaopashwa joto hadi nyuzi 55. Wangu haupashwi, na magugu yangu yamestawi kuliko kabichi.