Magunia Sita ya Mwaka 2020

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Jumanne usiku niliingiziwa ujumbe wa sauti kwenye simu. Mnaujua, maana wengi wenu mmeusikia, na baadhi yenu ndio mlionitumia. Mtu anasema ameoneshwa njaa kubwa, anasema kila mwenye sikio aweke chakula ndani kabla mwaka haujaisha. Hakutaja jina lake wala kanisa analoabudu. Niliusikiliza mara tatu gizani, na mara ya tatu moyo ulikuwa unanidunda hadi masikioni. Asubuhi sikufungua Biblia. Nilikwenda moja kwa moja duka la nafaka kuuliza bei ya gunia.

Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu pesa nilipokumbuka mwaka 2020. Mikono ikaniishia nguvu, nikazirudisha pesa kwenye pochi, nikaondoka bila kuaga.

Jambo hili sijawahi kuwasimulia. Mgonjwa wa kwanza wa Korona hapa Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, na kesho yake ikatangazwa shule zifungwe. Mnakumbuka siku zile, ndimu na tangawizi vilivyopanda bei, ndoo ya kunawia kila mlango. Mimi nilichukua pesa niliyokuwa nimeiweka ya ada nikanunua magunia sita ya mahindi. Nikayapanga chumba cha nyuma, nikayafunika turubai. Kisha nikawakalisha watoto wangu chini, nikawaambia mtu yeyote akiuliza waseme hatuna kitu.

Jirani yangu alikuwa akipika chapati na maharage nje ya shule. Shule zilipofungwa, riziki yake nayo ikafungwa. Mwezi wa nne alikuja na bakuli, akaniomba unga kilo mbili, akasema atarudisha. Nikamjibu, "Hata sisi tunabangaiza tu, mwenzangu." Nilimjibu nikiwa nimeegemea mlango wa chumba kile cha nyuma. Akashukuru, akaondoka na bakuli lake.

Mwezi wa sita tukaanza kusikia sauti usiku, kama mtu anayekwaruza karatasi taratibu. Alikuwa dumuzi, yule mdudu anayetoboa mahindi. Nilipofungua gunia la kwanza mkono ulizama kwenye vumbi. Punje zilikuwa nyepesi kama maganda, kila moja ina tundu, na ile harufu ya uvundo ilinikaa puani siku nzima. Kati ya magunia sita hatukupata hata debe moja la kusaga. Kutoka 16:20 inasema wengine walibakiza mana hadi asubuhi, ikaingia mabuu, ikanuka. Nilikuwa naisoma habari hiyo kama ya watu wengine.

Wapendwa, sisemi kwamba kuweka akiba ni kukosa imani. Wapo wanaohubiri hivyo, na ninawaomba waache, kwa sababu mafundisho hayo yanawaacha wajane wetu bila kitu masika yanapochachamaa. Mithali 22:3 iko wazi: mtu mwenye busara huyaona mabaya na kujificha. Nuhu alichana mbao kwa imani. Shida ya magunia yangu ilikuwa kwamba niliyanunua kwa hofu, na hofu ilipoingia ndani ya nyumba iliwafundisha wanangu kusema uongo.

Mtazameni Yusufu. Ile ndoto haikuwa yake, ilikuwa ya Farao, mtu asiyemjua Mungu wa Israeli. Bwana alipitisha onyo kwa mpagani, kisha akamtoa gerezani mtu wa kulifasiri. Kwa hiyo Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa tahadhari, mlokole asiseme hizo ni habari za dunia. Mwaka 2024, mwezi wa tano, kimbunga Hidaya kilipokuwa kinaelekea Mafia, tuliambiwa mapema, na boti za Dar es Salaam na Zanzibar zikasitisha safari. Ile nayo ilikuwa rehema ya Mungu, ingawa ilitoka kwenye taarifa ya habari.

Na Yusufu alifanya nini? Alitenga sehemu ya tano ya mavuno kwa miaka saba. Alikiweka chakula cha mashamba ndani ya mji uliokuwa jirani nayo, yaani karibu na watu watakaokila. Na njaa ilipoenea, Mwanzo 41:56 inasema alizifungua ghala zote. Hapo ndipo niliposimama juzi nikashindwa kuendelea kusoma. Alizifungua! Ghala lake lilijengwa likiwa na watu wengine akilini, na mwishowe wakaja kula hata wale ndugu waliomuuza. Mimi nilijenga ghala ambalo halikuwa na nafasi hata ya bakuli la jirani niliyekuwa nikisali naye mtaani. Tangu lini Roho wa Mungu amemwonya mtu mmoja ili wenzake wafe njaa? Agabo alipotabiri njaa katika Matendo 11, wale wanafunzi wa Antiokia hawakukimbilia kujaza nyumba zao. Walichanga, kila mtu kwa kadiri ya alichonacho, wakawapelekea ndugu wa Uyahudi. Ndugu yangu, dada yangu, onyo likikufikia, angalia limekuelekeza kwa nani. Likikufanya ukae kimya watu wasijue ulichonacho, likikufanya uhesabu vinywa vya nyumba yako peke yake, lirudishe kwa Bwana kwa maombi kabla hujatoa shilingi. Na tafadhali, usilisukume kwenye simu za watu mia saa tano za usiku. Mimi mwenyewe niliusambaza ule wa Jumanne kabla sijauombea. Nimewakosea, naomba mnisamehe.

Kuhusu ule msukumo wa moyoni, pale mtu anapohisi kwamba baya linakuja, kuna jambo limenisaidia. Katika Matendo 27 Paulo anawaambia wenye merikebu kwamba anaona safari itakuwa na hasara nyingi. Hakusema "Bwana ameniambia." Alisema anaona. Alikuwa ameshavunjikiwa na chombo mara tatu, na majira mazuri ya kusafiri yalikuwa yamepita. Akida akamsikiliza nahodha, upepo wa kusini ukavuma polepole, wakadhani mambo ni shwari. Sisi tunaokaa karibu na mto Msimbazi tunalijua hili. Kigogo kunaweza kuwa na jua kali, lakini mbingu ikiwa nyeusi upande wa Pugu, moyo unakosa utulivu, kwa sababu mto unatokea huko na maji ya huko yatapita kwetu. Masika ya 2024 niliamka na hali hiyo, nikahamisha watoto na bahasha ya vyeti kwa shemeji yangu anayekaa sehemu ya juu, mbali na mto. Nilifanya nilichopaswa kufanya nikalala. Usingizi ule ulikuwa tofauti kabisa na usiku wa Jumanne.

Sasa niwaambie kilichofuata wiki hii. Alhamisi nilikwenda kwa jirani yangu. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yakaisha nilipomwona ameketi anachambua mchele. Nikamwambia habari ya magunia sita. Hakuinua uso. Akasema, "Mimi nilijua. Harufu ya yale mahindi ilifika mpaka kwangu." Miaka yote hii alijua, na miaka yote hii amekuwa akiwapokea wanangu wakitoka shule, akiwapa chai. Nililia pale kwenye mkeka, naye akaendelea kuchambua mchele kwa muda, halafu akasogeza ungo katikati yetu ili nimsaidie.

Tumenunua magunia mawili kwa pesa ya pamoja, yake na yangu, na yatakaa kwake. Safari hii tunatumia mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, ambayo mdudu akibaki ndani anakosa hewa anakufa. Ila mahindi lazima yawe yamekauka sawasawa kwanza, la sivyo yataota ukungu humo humo. Bwana shamba alimfundisha jirani yangu kupima kwa chumvi: unachukua chupa kavu, unatia mahindi na chumvi kavu, unatikisa, unaacha kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye chupa, bado yana maji.

Jana jioni tulitikisa chupa yetu, tukaiweka juu ya ndoo, tukakaa tukiimba tenzi mbili tatu. Tulipoiangalia, chumvi ilikuwa imeganda pande zote. Leo asubuhi tumeyaanika tena kwenye turubai, lile lile la mwaka 2020, na mawingu yametanda. Tuombeeni jua la siku mbili.