Nilivyoishusha Torino ya 1969 inchi moja na kipimo kikapita vilevile

Mimi ni fundi wa bodi, ufundi nimeuokota mtaa wa Gerezani pale Dar, sasa hivi niko North Carolina mwaka wa tisa na bado nanyoosha mabati ya watu. Magari niliyoyashika huku ni mengi, lakini hii Torino ndio imenikosesha usingizi kuliko zote na ndio naipenda kuliko zote, kwa hiyo ngoja niisimulie yote nilivyoifanya, maana najua humu kuna mafundi wenzangu na kuna wale wanaopenda tu magari ya zamani.

Mteja ni mzee mmoja mstaafu, kaja na Ford Torino ya 1969, ile yenye paa linaloteremka mpaka kwenye buti, milango miwili, kaniambia anataka iwe Talladega, lile toleo la Torino lililotengenezwa kwa ajili ya mbio. Mimi nikajua anataka rangi na nembo basi. Akacheka, akalala chini kabisa kwenye sakafu ya gereji na umri wake ule, akaninyooshea kidole kwenye bati la chini ya mlango, lile linalokimbia kutoka tairi la mbele mpaka la nyuma, akasema siri yote iko hapa.

Sasa ili uelewe inabidi ujue mbio za NASCAR, yaani mashindano ya magari ya hapa Marekani, za miaka ile zilikuwaje. Sheria mama ilikuwa gari ya mashindano ifanane na gari inayouzwa dukani, umbo lilelile, ili mtu akiiona inashinda Jumapili aende akanunue yake. Lakini kwenye viwanja virefu kama Daytona adui sio injini tena, adui ni upepo, na upepo unapigwa na bodi. Kwa hiyo mafundi wa bodi wakawa ndio wachawi wa mashindano, na hapo ndipo nilipoanza kuipenda hii habari kwa moyo wote kwa sababu kwa mara ya kwanza naona fundi bodi anatajwa pamoja na fundi injini na dereva.

Mwaka 1966 Junior Johnson, mwenye timu ya mbio, alipeleka kwenye mashindano ya Atlanta Ford Galaxie ya njano, paa limekatwa na kushushwa, kioo cha mbele kimelazwa, pua imeinama na mkia umenyanyuka, watu wakaiita ndizi ya njano na ukiona picha yake utakubali ni ndizi kweli. Mtu yeyote mwenye macho aliona ile sio ya dukani, ila Ford walikuwa wamesusia mashindano msimu ule na watazamaji wamepungua viwanjani, kwa hiyo wakaguzi wakaiacha ipite, Fred Lorenzen akaiendesha mpaka akapata ajali akiwa ndani ya mbio. Makelele yake ndio yakafanya wakaguzi waanze kutumia violezo vya kupimia umbo la bodi.

Halafu kuna fundi Smokey Yunick wa Daytona Beach na gari yake Chevrolet Chevelle nyeusi na dhahabu. Mwaka 1967 dereva Curtis Turner aliichukulia nafasi ya kwanza ya kuanzia kwenye mbio za Daytona 500 kwa maili 180.831 kwa saa, hiyo ni kama kilomita 291, bodi ya mwaka 1967 jamani! Watu wakazusha kwamba Smokey katengeneza gari ndogo kuliko ile ya dukani. Sio kweli, na kwangu mimi ukweli ni mtamu kuliko uzushi, kwa sababu alichofanya ni vitu vidogo vidogo, bampa kazisogeza zikalala sawa na bodi, chini ya gari kapalainisha, kwenye ukingo wa nyuma wa paa kaweka kimdomo kidogo cha kuvunja upepo. Kila kimoja ukikiangalia peke yake unaweza kukiacha. Vikikaa pamoja ni gari nyingine.

Turudi kwa Torino. Mwanzoni mwa 1969 Ford walitoa toleo la Torino Talladega, ilibidi watengeneze angalau 500 za kuuza ndio ihesabike ni ya dukani, wakatengeneza mia saba na kitu. Pua ikarefushwa kama inchi 6 na kuteremshwa, na ile bampa ya mbele unayoiona imelala vizuri ni bampa ya nyuma ya Fairlane iliyokatwa, ikapunguzwa, ikaungwa upya. Lakini ujanja mkubwa ni ule wa chini. Wakaguzi walikuwa wanapima urefu kutoka ardhini mpaka kwenye lile bati la chini ya mlango. Basi Holman-Moody, waliokuwa wanawatengenezea Ford magari ya mbio, wakaona kwamba ukilikunja lile bati kwa juu inchi moja, gari nzima unaweza kuishusha inchi moja na kipimo kitasema iko sawa. Na kwa sababu za dukani nazo zilikunjwa hivyohivyo, hakuna sheria iliyovunjwa. LeeRoy Yarbrough alishinda Daytona 500 ya mwaka ule na hiyo gari, akampita Charlie Glotzbach kwenye mzunguko wa mwisho kabisa.

Sasa kazi yenyewe. Nilipiga mstari kwa chaki kutoka mbele mpaka nyuma, nikaiweka gari kwenye stendi mbele na nyuma, nikawasha grinda, nikaanza kulikata lile bati la chini upande wa dereva. Nilikosea hapo hapo mwanzo. Gari hii haina chesisi ya kujitegemea kama lori, bodi yenyewe ndio chesisi, na mbaya zaidi toleo hili halina nguzo ya katikati kati ya kioo cha mlango na kile cha ubavuni nyuma yake, kwa hiyo lile bati la chini ndio linabeba kiuno chote. Nimekata kama nusu nikasikia mlio mdogo, kama mtu anavunja kidole, nikasimamisha mashine. Nikajaribu kufunga mlango ukagoma. Nikaangalia uwazi kati ya mlango na bodi ya nyuma, juu umebana hata kucha haipiti, chini umepanuka kidole kinaingia.

Niliogopa, nasema ukweli, maana gari sio yangu na mzee ameniamini. Nikampigia simu mzee wangu aliyenifundisha kazi, yeye bado yuko Dar.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwanangu, mbona usiku huu?"

Nikamwonyesha kwa video. Akaangalia kimya, akaniambia nisogeze simu karibu na bawaba ya juu, halafu chini, halafu akasema, "Hiyo ndio mifupa yake, nyingine haina. Ungefunga kwanza ndio ukate. Haijaharibika, imekaa tu. Inyanyue polepole, usiwe na haraka nayo."

Basi nikachukua kipande cha mbao nene, nikakiweka juu ya jeki katikati ya gari chini ya sakafu, nikawa napiga jeki mara moja nusu, nasubiri, napima. Nilikuwa napima kwa futi kamba kutoka kona ya juu mbele ya mlango mpaka kona ya chini nyuma, halafu kona nyingine mpaka kona nyingine, nalinganisha na upande wa abiria ambao sijaugusa. Imenichukua saa mbili kunyanyua kitu ambacho hata milimita kumi hakifiki. Vipimo vilipolingana nikachomelea mabomba ya mraba ndani ya uwazi wa mlango, mawili ya kukatizana na moja la kulala, na upande wa pili nikafanya hivyohivyo kabla sijaukata, hapo gari ikawa ngumu kama jiwe.

Kuanzia hapo kazi ikawa ya uvumilivu tu. Nikamaliza kukata, nikatoa inchi moja ya kimo, bati la chini nikalikunja kwa nyundo juu ya bomba nene ili kona iwe ya duara, sio kali, kwa sababu zile za kiwandani ni za duara. Kwenye kuchomelea usiende mfululizo, bati litacheza mawimbi na hutalinyoosha tena. Nilikuwa nachoma nukta moja, naruka shibiri mbili, nachoma nyingine, narudi nyuma, napuliza hewa, naweka mkono, likiwa la moto naenda kunywa chai. Upande mmoja siku mbili, upande wa pili siku moja na nusu maana mkono ulishazoea.

Pua sitaieleza sana, ni bati na hesabu. Ila bampa ukitaka kuikata na kuiunga hakikisha umeisaga kroma yote sehemu ya kuchomelea mpaka uone chuma, tena uwe umevaa barakoa, kwa sababu moshi wa kroma ni sumu ya mapafu na weldi yake inatoka na matundu.

Siku ya kupima mzee alikuja na kipande cha mbao alichokichonga mwenyewe. Siku ya kwanza alipoileta gari alikipitisha chini ya lile bati, kikapita kwa kugusa. Sasa tumeshusha springi za mbele na nyuma tumeweka vipande vya kuteremsha, gari iko chini inchi moja nzima, ukisimama pembeni unaona kabisa imelala. Mzee akapiga magoti, akakisukuma kile kipande polepole. Kikapita kwa kugusa, vilevile. Akakitoa, akakirudisha tena upande wa pili, kikapita. Akakaa pale chini dakika nzima ameshika lile bati kwa kiganja, hakusema kitu, na mimi sikusema kitu.

Jioni nikamtumia mzee wangu wa Dar video kabla ya rangi. Akaiangalia yote mpaka mwisho, akauliza kitu kimoja tu, puti, ile ya kusawazishia bati kabla ya rangi, umepaka unene gani kwenye ile kona. Nikamwambia milimita mbili. Akasema punguza, bati lionekane ni bati. Nikachukua msasa nikarudi chini ya gari.