Tonge la Jumapili

Siku ya tano leo na bado naiskia. Mavyaa, mamake mume wangu, alikuja Jumapili, nikasonga sima ya mtama na mahindi nusu kwa nusu, na samaki wa kupaka na mchicha wa nazi, moyoni najisifu maana safari hii haikutoka na mabuja. Akakata tonge, akalibonyeza kwa kidole gumba, akaitazama ile rangi ya udongo, kisha akasema polepole, wala hakuniangalia, "Mtama sisi twaliula tukiwa hatuna."

Basi. Hakuongeza neno. Na mie nikajibu nini? "Karibu kachumbari, mama." Yani mtu mzima, mama wa watoto watatu, karibu kachumbari.

Tangu hapo ndo namjibu. Nikiosha vyombo namjibu, kwa matatu namjibu, juzi nimepitishwa stejini kwangu kwa kumjibu. Namwambia, na ile mikate ya mofa uliyolelewa nayo Mji wa Kale, mama, ilikuwa unga gani kama si mtama? Na bokoboko ya Idi unayotuamsha usiku tuikoroge, si ngano ya punje ile? Mbona hiyo huiiti ya dhiki? Kisha namletea la mwanawe sasa, maana sukari ya Baba Watoto kwa damu ilikuwa imepanda, na yule dada wa lishe wa kliniki alitwambia wazi, ukikoboa nafaka watoa pumba na kile kiini, nyuzinyuzi na vitamini na madini mengi yaenda na pumba, wewe wabaki na wanga ambao waingia kwa damu mbio mbio, lakini ikiwa nzima yaenda pole. Na shibe yake yakaa. Zamani alikuwa akila sima nyeupe saa saba, saa kumi ashaulizia viazi karai, siku hizi mpaka magharibi kimya. (Viazi karai hajaviacha, tusidanganyane.)

Yote hayo nayasema vizuri sana nikiwa peke yangu.

Wiki yenyewe ilikuwa na mambo, ofisi wametuhamishia Changamwe na wifi hatimaye kaposwa, lakini mie akili iko kwa tonge.

Jana jioni nikapitia Kongowea kusaga mwingine, kilo mbili tu, kwa joto letu hili unga wa nafaka nzima hauweki, kile kiini kina mafuta, ukiusahau kabatini waanza kunuka mafuta ya zamani, ndo maana wangu naweka friza na watoto wanicheka. Nikapokea mfuko ungali moto toka mashineni nikaingiza pua, ile harufu kama njugu zilizokaangwa, walahi ningeulamba mkavu. Na nimesimama pale na unga puani ndo nikaiskia ile sentensi upya. Hakusema mtama mbaya. Hakusema wamlisha nini mwanangu. Alisema sisi. Alisema tukiwa hatuna.

Baba Watoto alishanihadithia ule ukame wa 1984, yale mahindi ya njano ya kutoka ng'ambo, yeye mdogo, na mamake akiwapakulia uji wa mtama wote kisha asema yeye kashiba. Kashiba nini na hajala? Hadithi hii naijua miaka kumi na moja na Jumapili nimemuekea sahani ile ile mbele yake, na tabasamu juu.

Na sahani aliimaliza. Jana ndo nakumbuka, mchuzi wote aliupangusa kwa tonge la mwisho, mie nilikuwa nimeshikilia neno lake sikuangalia sahani. Sasa sijui alipenda, au ni mtu ambaye hawezi kuacha chakula.

Jumapili hii waja tena kwa mambo ya posa. Yeye ntampikia wali wa nazi, mweupe pee. Sima ya Baba Watoto ntaisonga kidogo niiweke kando, akitaka atanyoosha mkono mwenyewe, mie sitasema karibu wala sitasema kachumbari.

Halafu mwenye nyumba kaniandikia saa hii, "Tuonane kesho asubuhi." Salamu hakuna. Na kodi nshalipa, risiti ninayo. Sasa ni nini tena.