Tone la oili lililonisumbua msimu mzima wa baridi hapa Minneapolis

Tone la kwanza niliona Oktoba, nikasema ni uzee tu, gari limeshatembea zaidi ya maili 160,000. Theluji ilipoanguka Desemba nikajua si jambo dogo. Kila asubuhi nikiondoa gari, doa jeusi linabaki kwenye weupe. Meneja wa nyumba tunazopanga akaniandikia barua kwamba nachafua maegesho. Kilichoniuma zaidi ni harufu: nikisimama kwenye taa huku hita inawaka, moshi wa oili iliyoungua unaingia ndani, na watoto wamekaa nyuma.

Gari ni Toyota Corolla ya 2005, injini ya 1ZZ-FE, ile ya cc 1,800 iliyomo pia kwenye Premio na Allion nyingi zinazotembea Dar es Salaam.

Gereji nilikolipeleka walilinyanyua, wakalitazama kwa chini dakika chache, wakasema sili ya nyuma ya krenki imekufa, yaani mpira unaozuia oili pale mhimili mkuu wa injini unapotokea upande wa gia boksi. Kuifikia lazima gia boksi ishuke, jumla dola 1,400. Sili yenyewe ni kitu cha bei ndogo, ila hapa Marekani unalipia saa za fundi. Nyumbani ni kinyume, spea ndiyo inayokutoa jasho, ufundi mnaelewana. Kwa mtu anayelipa kodi ya nyumba na kutuma pesa kwa mama kila mwezi, dola 1,400 si hela ya kutoa kwa kukisia.

Nikampigia mjomba wangu Mwanza, ambaye amefanya kazi ya gereji tangu sijazaliwa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Hiyo sili, wameiona inatoa oili, au wameona pamelowa tu?"

Sikuwa na jibu. Akaniambia neno nililolishika mpaka leo: oili inashuka, na gari likiwa mwendoni upepo unaisukuma nyuma, kwa hiyo panapodondoka si panapovuja. Osha kwanza, kisha tafuta sehemu ya juu kabisa iliyolowa.

Kwanza alitaka niangalie PCV, valvu inayoipa injini pumzi. Ikiziba, presha inajaa ndani na oili inatafuta upenyo kwenye kila gasketi iliyochoka, yaani vile viziba vya katikati ya vipande vya injini. Unaitoa na kuitikisa, ikiwa nzima inagonga ndani. Yangu ilikuwa kimya, imejaa masizi. Nikaweka mpya. Uvujaji ulipungua lakini haukuisha, na hapo wengi hukata tamaa wakaanza kubadilisha gasketi moja baada ya nyingine.

Aprili, barafu ilipoyeyuka, rafiki yangu wa St. Paul akanipa gereji ya nyumbani kwake, maana kwetu hairuhusiwi kufungua gari kwenye maegesho. Niliosha injini kwa dawa ya kukata mafuta mpaka alumini ikaonekana. Kisha nikatia kwenye oili rangi maalumu inayong'aa chini ya taa ya zambarau. Nikaendesha siku mbili. Usiku tukazima taa zote, nikavaa ile miwani ya njano, nikamulika.

Chini kote kulikuwa kunang'aa kijani, pamoja na hapo kwenye sili iliyoshutumiwa. Nikaufuata mstari kwenda juu, pole pole, kwa kioo kidogo chenye mpini. Ukaishia ubavuni mwa injini, upande wa cheni ya taiming, kwenye kitensheni kinachoikaza cheni. Juu yake pakavu kabisa. Nilimpigia mjomba usiku ule ule, kwao asubuhi, nikamwonyesha kwa video. Akasema, "Hapo hapo. Ni oringi." Yaani kile kipete cha mpira kinachozuia oili isipite.

Kitensheni kinashikwa na nati mbili za spana namba 10. Hapa sikilizeni vizuri: kikishatoka, usiizungushe injini hata kidogo, cheni inaweza kuruka meno. Usiguse stata. Nilitoa oringi ya zamani. Upande mmoja ilikuwa bapa, ngumu kama plastiki, nilipoikunja ikakatika. Nilifuta pale inapokaa, nikapaka oringi mpya oili safi, nikakirudisha ndani kipistoni cha kitensheni, kile kinachoisukuma cheni, na kukifunga kwa kindoano chake. Nati zinakazwa kwa nguvu ndogo, Nm (nyutoni mita) 9 tu; nilitumia spana ya kupima, niliyoazima duka la spea kwa kuacha amana. Ukishafunga, zungusha puli ya krenki (gurudumu la mkanda lililo mwisho wa krenki) kwa mkono kinyume cha saa ili kindoano kiachie, kisha kwa mwendo wa saa ili kipistoni kiisukume cheni. Ndipo uwashe.

Oringi ile ilinigharimu chini ya dola 10. Wale waliotaka 1,400 wangeshusha gia boksi, waweke sili mpya, na oili ingeendelea kushuka kutoka juu.

Jambo moja zaidi: ukiingia chini ya gari, weka stendi mbili. Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kulalia chini yake.

Nilitandaza kartoni chini ya gari, nikaandika tarehe kwa kalamu. Wiki ya tatu sasa, haina tone. Gasketi ya taped kava, kifuniko cha juu cha injini, nayo imeanza kutoa jasho pembeni. Mpya iko kwenye droo ya jikoni, na Jumamosi ijayo nitairudia gereji ya St. Paul.