Jiji la Dar waacheni watu wajenge, kodi zitashuka zenyewe

Nianze na hesabu ambayo kila mpangaji wa Dar anaijua kichwani. Chumba kimoja cha laki moja, choo cha kushea, luku ya kuchangiana na wapangaji wenzio, mwenye nyumba anataka miezi sita, hiyo laki sita, dalali anataka mwezi wake mmoja, laki saba hapo hujanunua hata pazia. Na bado kuna ile hela ya kuonyeshwa chumba, ambayo unaitoa hata kama chumba ni kibovu.

Watu wakilalamika hivi utasikia wenye nyumba wana tamaa. Sawa, wengine wanayo, ila tamaa inafanya kazi pale vyumba vikiwa vichache na wahitaji tuko kibao. Sensa ya 2022 ilikuta mkoa wetu una watu milioni 5 na laki 3 na ushee, miaka kumi nyuma yake tulikuwa milioni 4 na laki 3, sasa hao milioni moja walioongezeka wanalala wapi jamani? Wameenda Chanika, Kivule, Chamazi, Msongola huko, wanaamka saa kumi alfajiri kugombania daladala ya kuja Kariakoo.

Hii kitu ina historia yake. Mjerumani mwaka 1914 aliligawa jiji kanda tatu kwa aina ya nyumba, huku majengo ya kizungu tu, kule vibanda, Mwingereza akaja akaendeleza na katikati akaacha uwazi wa Mnazi Mmoja uwatenge watu. Ndo tukapata Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Mkoloni kaondoka ila mawazo yake yamebaki kwenye makaratasi ya mipango miji, yaani bado tunaamini mtaa uliopangwa ni viwanja vikubwa, nyumba moja, familia moja, geti na bustani. Mwenye mshahara wa laki nne hicho kiwanja anakinunua na nini? Hata ule mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002, mwingi ulikuwa pembezoni, Kibada, Mbweni, Toangoma, Buyuni, mlalahoi hakugusa. Yeye anaenda kwa mwenyeji anakatiwa kipande, wanaandikishiana kwa mjumbe, kesho anaambiwa kajenga kiholela.

Mie napenda sana kuangalia nyumba za Sinza. Sinza ilipimwa kwenye miradi ya viwanja ya miaka ya 70, viwanja vidogo, na ona imekuaje: mbele fremu mbili, duka la mangi na saluni, katikati nyumba ya mwenyewe, nyuma uani kachomeka vyumba vinne vya kupangisha vimepangana kama behewa, kamba za nguo zinapita juu. Hivyo vya uani ndo nyumba za bei nafuu za jiji hili. Hakuna wizara iliyovijenga, vingi havina hata kibali, na kila mwaka vinahifadhi wanafunzi, wauza mitumba, manesi na makonda wa daladala.

Kwa hiyo ombi langu ni hili: kibali cha ujenzi wa vyumba vya uani kiwe rahisi na cha bei ndogo, viwanja vidogo vihalalishwe, na kandokando ya mwendokasi, Kimara mpaka Magomeni, Kilwa Road ya Mbagala yote, ruksa ya ghorofa nne tano iwe jambo la kawaida, sio mpaka uhangaikie kubadili matumizi ya kiwanja. Magomeni Kota, zile nyumba za serikali, mmeiona, ilizinduliwa 2022, kaya 644 zimerudi kwenye eneo lile lile la zamani kwa sababu wamejenga kwenda juu. Walisubiri kama miaka kumi, hilo ni la aibu, ila eneo halikuongezeka hata hatua moja na watu wameenea.

Wanaopinga ghorofa wana hoja zao. Ya majitaka naikubali, ghorofa bila bomba la majitaka ni balaa, hapo halmashauri ilipe deni lake kwanza. Ile ya "watatuchungulia uani" siikubali, panda mti.

Na ukiona lile bango la kusudio la kubadili matumizi limechomekwa kwenye kiwanja mtaani kwako, lisome, peleka maoni hata kama ni ya kuunga mkono, maana wanaopelekaga pingamizi ni wenye nyumba tayari, wapangaji tunakuwa bado tuko foleni ya Kimara.