Herufi kumi za mama

Jioni moja ya wiki ya mwisho ya Oktoba 2021, tukiwa tumemaliza kula, mama alisogeza sahani pembeni, akafuta meza kwa kiganja, akaniambia nimletee daftari na kalamu.

"Nifundishe kuandika jina la meya," akasema.

Nilinyamaza. Fulana yangu ya kampeni ilikuwa imetundikwa mgongoni mwa kiti nilichokalia, jina la India Walton limesimama kifuani. Tangu Mei nilikuwa napita nyumba kwa nyumba upande wa magharibi wa Buffalo, jimbo la New York, nikiwaomba majirani zetu, Wakongo, Warundi, Wasomali, tumng'oe meya Byron Brown. Mama alikuwa ananiona nikitoka na kurudi, miguu imevimba. Ananipashia sombe moto, ananiwekea mezani, hasemi kitu. Sasa ananiomba mimi nimfundishe namna ya kumpigia kura mtu huyo huyo.

Lazima nieleze kwanza ilikuwaje mtu ahitaji daftari ili kumchagua meya aliye madarakani.

Brown aliapishwa mara ya kwanza Januari 2006, meya wa kwanza mweusi katika historia ya mji. Kufikia 2021 alikuwa anamalizia muhula wa nne na anautaka wa tano. Buffalo ni mji wa Wademokrati. Anayeshinda mchujo wa chama mwezi wa sita watu hushaanza kumwita meya, Novemba huwa ni kukamilisha taratibu. Walton alipojitokeza, Brown hakumshughulikia, hata kwenye mdahalo alikataa kukaa naye. Na kweli, ukimtazama kwa macho ya wanasiasa, hakuwa mtu wa kutisha: muuguzi, mama wa watoto wanne, wa kwanza amemzaa akiwa na miaka 14, hajawahi kuchaguliwa kushika cheo chochote. Alikuwa ameongoza shirika la wakazi wa mtaa wa Fruit Belt, wanaoshika ardhi kwa pamoja ili bei za nyumba zisije zikawasukuma wenyeji nje.

Mimi nilikuwa nasomea uuguzi, ndiyo maana nilimsikiliza. Lakini kilichonitoa nyumbani nikagonge milango ya watu ni mdogo wangu wa mwisho. Mwaka wetu wa pili hapa walimpima damu wakakuta madini ya risasi. Nyumba za Buffalo ni za zamani mno, rangi zake zilipakwa enzi ambazo risasi ilikuwa bado inachanganywa humo, na mtoto alikuwa anapenda kukaa dirishani, pale rangi inapobanduka, anachezea vumbi lake. Mwenye nyumba alikuja akapaka rangi mpya juu ya ile ile ya zamani. Mwezi uliofuata akapandisha kodi. Nilipomsikia Walton akizungumzia haki za wapangaji, niliona kama mtu aliyewahi kukaa kwenye dirisha letu.

Tarehe 22 Juni akashinda mchujo. Waliojitokeza kupiga kura walikuwa wachache, na sisi watu wetu tulikuwa tumewafuata mmoja mmoja hadi mlangoni. Usiku ule Walton alimpigia simu mama yake mbele ya kamera, akimpigia kelele za furaha kwamba amekuwa meya wa Buffalo. Video hiyo niliicheza jikoni mara tatu. Mama hakushika kila neno, lakini alielewa. "Huyo," akasema, "anampenda mama yake."

Brown hakukubali kuondoka. Alijaribu kuingia kwenye karatasi ya Novemba kama mgombea wa kujitegemea, ilhali muda wa kuwasilisha sahihi za wadhamini ulikuwa umepita tangu Mei. Kesi zikaenda. Mapema Septemba mahakama ikasema awekwe. Katikati ya Septemba mahakama za rufani zikasema aondolewe. Jina lake halikuchapishwa. Ikabaki njia moja: kila anayemtaka aandike jina lake kwa mkono, mwenyewe, kwenye kisanduku kitupu.

Wengi wetu kwenye kampeni tulicheka. Nani angemwambia mzee wa miaka themanini, au mtu aliyejifunza Kiingereza ukubwani, aandike jina la mtu na apatie? Nilisema maneno hayo mwenyewe, kwa sauti, kwenye kikao, na watu wakanipigia makofi. Yananiuma mpaka leo, kwa sababu mama yangu ndiye mtu aliyejifunza Kiingereza ukubwani.

Upande wa pili hawakucheka, walifanya kazi. Warepublican hawakuwa wamesimamisha mtu, na wengi wao wakahamia kwa Brown. Kila uwanja wa pili ulikuwa na bango linalowakumbusha watu waandike jina lake. Halafu ikatokea mihuri. Sheria ya New York inaruhusu jina la mgombea asiyechapishwa ligongwe kwa muhuri wa wino, basi kampeni ya Brown ikawa inagawa vimuhuri vidogo vyenye jina lake. Unakwenda nacho chumba cha kura, unakigonga kwenye kisanduku, umemaliza.

Mama alipewa kimoja Grant Street akitoka kununua unga wa muhogo. Jioni ile kilikuwa pale mezani, kando ya kopo la chumvi.

"Mama, si una muhuri? Gonga tu, hakuna haja ya daftari."

Akakichukua, akakifungua, akakigonga kwenye ukingo wa gazeti la matangazo. Jina likatoka safi, bluu, limenyooka. Akalitazama. Kisha akaniinulia dole gumba lake la kulia mbele ya uso.

"Hiki kidole nimekigonga Nyarugusu miaka kumi na minane. Siku ya posho, wino, dole, pita. Mtoto kazaliwa, dole. Mtoto kafa, dole. Nimeapa uraia, nina kalamu. Sitagonga tena."

Mama alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Fizi, Kongo, mwaka 1996, akaingia Kigoma, akapelekwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kasulu. Mimi nilizaliwa huko mwaka uliofuata. Yule mtoto wa dole la mwisho ni dada yangu, ambaye sikumwona.

Nikamuuliza nililotaka kumuuliza miezi yote ile. Kwa nini yeye, mama? Kwa nini huyu mzee, na rangi ya dirisha unaijua?

"Tulipofika tulimkuta yeye, na hakuna aliyetufukuza." Akanyamaza kidogo. "Mwaka ule wa 1996 walikuja watu na bunduki, wanasema mzee Mobutu amekaa sana, aondoke. Wakamwondoa. Na sisi tukaondoka."

Nilimwambia hapa si kule. Hapa mtu akishindwa anarudi nyumbani kwake, jirani yake anaamka salama, na huyu dada ni muuguzi, hana bunduki.

"Najua, mwanangu. Sijasema dada ni mbaya. Nifundishe."

Basi nikaandika juu ya ukurasa, kwa maandishi makubwa, nikampa kalamu.

Mama alijifunza kuandika kwa ajili ya uraia. Kwenye usaili wanakusomea sentensi ya Kiingereza uiandike, unapewa nafasi tatu. Miezi mingi aliandika Washington kwenye kila kipande cha karatasi kilichoingia nyumbani, nyuma ya bili za umeme, kwenye mifuko ya mkate. Tuliapa mwanzoni mwa 2020, kabla korona haijafunga ofisi. Kwa hiyo o na n za Byron Brown alikuwa nazo tayari, na w alikuwa nayo, kubwa na ndogo. R aliitoa kwenye President. Zilizomshinda zilikuwa mbili. B ilikuwa inamfungukia, mgongo huku na matumbo kule, inakuwa kama 13. Na y. Alikuwa anaikalisha juu ya mstari kama v, mkia anausahau.

"Hiyo ina mkia, mama. Ushushe chini ya mstari, usiogope."

"Inatoka nje."

"Ndivyo ilivyo. Inatakiwa itoke."

Alikuwa anaandika ulimi umetokeza pembeni ya mdomo, mkono wa kushoto umelibana daftari kama linataka kukimbia. Kalamu aliikandamiza mpaka maandishi yakatokea ukurasa wa pili kama alama za kucha. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Nasema hili kwa sababu lilitokea: lilinipitia wazo kwamba naweza kumfundisha vibaya. Kumpa jina jingine kabisa, asingejua. Lilikuja, likakaa muda wa herufi mbili hivi, na mama akageuka akaniuliza, "Sasa hii ni nzuri?" kwa uso ule ule aliokuwa nao siku ya kiapo. Nikamwambia bado kidogo, ikaze B.

Nilimweleza pia kwamba akikosea herufi moja haidhuru, ikiwa wahesabuji wanaelewa alimkusudia nani kura inahesabiwa. Hakupenda. "Nitaandika sawasawa," akasema. Alijaza kurasa nne. Kwenye ukurasa wa nne herufi zote kumi zilikaa mstarini, na mikia ya y ilikuwa inashuka chini, yote kwa urefu mmoja.

Tarehe 2 Novemba, Jumanne, tulitembea pamoja hadi kituoni. Baridi ilikuwa imeanza kuuma. Kabla ya kufika nilibandua beji ya Walton nikaitia mfukoni, maana karibu na kituo hairuhusiwi kuvaa kitu cha mgombea. Kona ya barabara alisimama kijana wa upande wa Brown na boksi la vimuhuri. Akamwamkia mama kwa heshima, akamnyoshea kimoja. Mama akainua kiganja, akampita.

Ndani, mama mmoja wa kituoni aliona jinsi anavyoitazama karatasi, akatueleza taratibu kwamba mtu asiyesoma vizuri ana haki ya kuingia na msaidizi anayemtaka, binti yake anaweza kula kiapo akamsaidia. Nilishapiga hatua moja. Mama akamjibu kwa Kiingereza chake kwamba anashukuru, hataki, ataandika mwenyewe. Akanipa mkoba wake nimshikie.

Yangu ilikuwa kazi ya sekunde chache. Nilijaza duara la Walton, nikajaza na mengine, nikaingiza karatasi kwenye mashine, nikasimama ukutani. Mama nilikuwa namwona kwa nyuma tu: kitambaa cha kichwa, bega la kulia, kiwiko. Kiwiko kinakwenda, kinasimama. Watu waliokuja baada yetu waliingia, wakamaliza, wakaondoka. Saa ya ukutani ilisogea dakika kumi. Kuna wakati kiwiko kilishuka chini ghafla, halafu kikapanda, nikajua amefika kwenye y.

Alipotoka aliibeba karatasi kwa mikono miwili. Mashine ilipoivuta alishtuka, akarudi nyuma hatua moja, kisha akasogea tena kuangalia kama imeingia yote. Hakuniambia ameandika nini. Sikumuuliza.

Usiku matokeo yalianza kuja baada ya saa tatu, vituo vilipofungwa. Mashine zinajua tu kwamba kwenye kisanduku kuna kitu kimeandikwa, hazijui ni jina la nani. Kwa hiyo kwenye simu yangu kulikuwa na jina la Walton, na juu yake mstari usio na jina la mtu, umechukua karibu asilimia 59. Nilikaa na tarakimu zile bafuni, maji yanatiririka ili wadogo zangu wasinisikie. Nililia kwa ajili ya dirisha lile, na kwa ajili ya milango yote ile. Brown alikwisha kutangaza kwamba ameshinda. Nilipotoka nilikuta sahani ya ugali imefunikwa mezani, na fulana yangu ambayo nilikuwa nimeitupa sakafuni imekunjwa, imewekwa juu ya kiti. Mama alikuwa ameshalala, au alijifanya amelala.

Kura zile za kuandikwa zilianza kuhesabiwa katikati ya mwezi, na hesabu yake ni ya macho. Wafanyakazi wa tume ya uchaguzi ya kaunti walikaa wakazisoma karatasi moja baada ya nyingine, pande zote mbili zikiangalia. Mimi sikutaka tena kusikia habari hiyo. Mama ndiye aliyekuwa ananisubiri kila nikirudi kutoka chuo.

"Wamefika kwangu?"

"Sijui, mama. Ni nyingi."

Kesho yake tena. "Leo je, wamefika?"

Mwisho ikatoka hesabu kamili: Brown zaidi ya kura 38,000, Walton 25,000 na ushee. Nilimsomea nikiwa bado nimevaa koti. Nilitegemea atafurahi, au ataficha furaha yake kwa ajili yangu. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Aliniuliza kama karatasi zote zimesomwa, zote kabisa. Nikamwambia ndiyo, zote.

"Na yangu waliisoma mtu kwa macho yake?"

"Kwa macho yake, mama."

Akatoa punje moja mbovu, akaiweka pembeni. "Na ile y," akasema, "waliielewa?"