Godoro limeandikwa jina la nani

Mvua ikinyesha usiku hapa Bwaise, mtaa wa mabondeni Kampala, watu hawalali, wanasikiliza. Mi nina miaka tisa hapa na masikio yameshajua, kuna sauti ya mvua kwenye mabati, hiyo haina neno, alafu kuna sauti nyingine ya chini chini kama mzee anavuta chai ya moto, hiyo ni maji yametoka kwenye mtaro yanatafuta mlango wako. Ukiisikia unaamka, unawasha tochi ya simu, watoto juu ya kitanda, godoro juu ya meza, unga juu ya kabati, na makaa, makaa kila mara ndo tunayasahau. Ukichungulia nje unaona tochi za wenzako mlango kwa mlango wanachota maji na beseni wanayamwaga nje na yanarudi, na karibu tochi zote zimeshikwa na wanawake.

Sisemi wanaume hawapo. Wengi kazi zao ni za usiku, askari wa mageti huko Kololo na Bukoto, watu wa boda, wapakuaji wa mizigo sokoni, na wengine walishaondoka zamani. Wakiwepo wanachimba mifereji na wanabeba wazee mgongoni, nimeona kwa macho yangu. Kilichonikaa moyoni ni kile kinachokuja maji yakishakauka, yani orodha.

Mafuriko moja hivi yalitupiga vibaya, watu wa msaada wakaja siku ya tatu na lori, magodoro, mablanketi, jerikani, sabuni. Wakasimama pale kwenye uwanja wanaita majina kutoka kwenye karatasi, na majina yenyewe ni ya wakuu wa kaya. Jirani yangu wa mlango wa tatu anakaanga kabalagala barabarani, yani vikeki vya ndizi na unga wa muhogo. Ndizi, unga wa muhogo, mafuta, sigiri, vyote analala navyo kwenye chumba kimoja na watoto watatu. Kwa hiyo maji yalipoingia kwake hayakuharibu nyumba tu, yaliharibu na duka. Unga ulivimba ndani ya gunia ukawa kama uji, nilimsaidia kuumwaga, alikuwa anashika shika kwa mkono katikati ya gunia kutafuta kama kuna palipobaki pakavu. Hapakuwa na pakavu.

Jina lake halikuitwa. Lililoitwa ni la baba wa watoto wake, ambaye alikuwa na mwaka na nusu hajalala pale, lakini orodha ya mtaa ilipoandikwa yeye ndo alikuwa anajulikana mwenye nyumba. Dada wa watu akasema mimi ndo nakaa hapo na watoto ni hawa. Wakamjibu vizuri tu bila kumtukana, mama, mwite mwenye jina aje na kitambulisho. Akampigia. Na yule bwana akaja kweli kwa boda kutoka Kyebando, akatia sahihi, akafunga godoro na blanketi nyuma ya boda, akaondoka. Mama wa watoto akabaki na jerikani na sabuni.

Uani wote tulimlaumu yule mwanaume na anastahili lawama. Lakini usiku nililala nikiwaza ile karatasi, sababu mwanaume mbaya ni mmoja ila karatasi ile ilitembea mtaa mzima, na kila mlango ilipopita iliuliza swali moja, baba yuko wapi.

Bwaise inajaa maji kwa sababu inajulikana, ni bonde, tumejenga kwenye ardhi iliyokuwa ya kinamasi, maji ya vilima vya Makerere, Mulago na Kawempe yote yanateremka huku yakitafuta kinamasi cha Lubigi, na mitaro imejaa plastiki. Maji yenyewe hayachagui, yanaingia kwa kila mtu. Uchaguzi unaanza pale mtu anaposhika kalamu, na huko mjini karatasi zote zinazokufanya uonekane, kitambulisho, laini ya simu, mkataba wa chumba, hati ya kiwanja, kwa wanawake wengi ninaowajua angalau moja imeandikwa jina la mtu mwingine. Laini alisajiliwa na kaka yake kwa sababu kitambulisho chake kilikuwa hakijatoka. Chumba alikodi mume. Kibanja, yani kiwanja, ni cha baba mkwe. Siku za kawaida haiumi sana, siku ya maafa ndo unagundua kumbe wewe hapo ni kama mgeni.

Nilikumbuka lokdauni za korona, zile mbili, na naomba mnisikilize hapa sababu zinafundisha kitu. Ya kwanza mwaka 2020, serikali iligawa chakula Kampala na Wakiso, na mwezi wa 4 walianzia huku kwetu Bwaise. Kilo 6 za posho, yani unga wa mahindi, na kilo 3 za maharagwe kwa kila kichwa, na wajawazito, wanaonyonyesha na wagonjwa waliwekewa maziwa ya unga na sukari. Kulikuwa na kelele nyingi, kuna waliorukwa, kuna waliolalamika maharagwe hayaivi. Lakini walikuja mlangoni, wakahesabu watu. Nani amelala humu, wangapi. Mwanamke akiwa amesimama mlangoni na watoto wake wanne alikuwa ni watu watano, hakuulizwa cheti cha ndoa.

Ya pili 2021 ikawa pesa, shilingi laki moja kwa simu, na walichagua kwa aina ya kazi. Wazo si baya, pesa ni bora kuliko maharagwe, mtu ananunua anachohitaji. Lakini ili ufikiwe ilibidi uwe na namba ya kitambulisho na simu ya jina lako, na uwe kwenye orodha ya kazi fulani. Sasa angalia, watu wa boda wana steji, yani kituo chao, steji ina mwenyekiti, mwenyekiti ana daftari, ukimwomba orodha anakupa siku hiyo hiyo. Mama anayefua nguo nyumba hadi nyumba steji yake iko wapi? Anayepika chai anapitisha na chupa kwenye magereji mwenyekiti wake ni nani? Mi nilikuwa nafua wakati ule. Mtu wa kuniandika hakuwepo, na mi mwenyewe sikujua niende kuandikwa wapi.

Na hiyo lokdauni ya kwanza tusisahau wamama wa masoko, waliambiwa kama unataka kuendelea kuuza chakula lala sokoni usirudi nyumbani. Wakalala chini ya vyandarua juu ya meza za nyanya ili mji ule. Mji uliwakumbuka walipohitajika kuuza.

Alafu Kiteezi. Tarehe 10 Agosti 2024, jumamosi asubuhi, mlima wa takataka za Kampala uliporomoka ukafunika nyumba na watu, miili 35 ikatolewa. Waliokuwa wanaokota plastiki pale kuuza kwa kilo wengi walikuwa wanawake, na walikuwa na watoto wao hapo hapo. Rais aliagiza milioni 5 kwa familia ya kila aliyefariki na milioni moja kwa aliyeumia. Nilipoisikia kwa redio jambo la kwanza nililowaza ni lile la godoro. Familia ni nani, nani atatia sahihi. Na yule ambaye hakufa wala hakuumia lakini amekodi chumba na chumba kimefunikwa pamoja na gunia zake za chupa za mwezi mzima? Fidia ya ardhi na nyumba inamfuata mwenye ardhi na nyumba. Gunia la chupa halina hati.

Kuna jambo lingine ambalo kwenye mikutano linasemwa kwa aibu na mi nalisema wazi, choo. Huku vyoo vinajengwa juu na ngazi sababu ukichimba kidogo tu unakuta maji. Mafuriko yakija kile kilichomo kinatoka kinatembea uani. Cha kulipia kiko barabarani na usiku kinafungwa. Mwanaume atajisitiri ukutani, mwanamke aliye kwenye siku zake, amesimama kwenye maji ya magotini, kwenye giza, anafanyaje? Binti yangu wa miaka 13 alikaa tangu saa moja jioni hadi alfajiri amejibana, hakunywa hata maji. Kwenye lile lori la msaada hakukuwa na pedi hata moja, na nadhani hakuna aliyekuwa na nia mbaya, ni kwamba aliyeandika orodha ya vitu hakuwahi kulala kwenye maji akiwa na binti.

Kiti cha wanawake kwenye kamati ya LC, yani baraza la mtaa, kipo, sheria imekiweka, na mama anayekikalia huku kwetu anajitahidi. Lakini kalamu haiko mkononi mwake. Nilimfuata nikamwambia tuandike orodha yetu kabla mvua ya Septemba haijafika, si ya kaya, ya watu wazima. Kila mtu mzima mstari wake, wanaume wamo pia, jina la kwenye kitambulisho, simu, watoto anaolala nao, nani ana mimba, nani ni mgonjwa, anauza nini. Wenye nyumba wawili walikasirika wakadhani tunataka kuwashtaki mambo ya kodi, na mmoja wao ni mwanamke, hilo liliniuma. Wadada Wakongo wa nyumba za nyuma walikuwa wa kwanza kuja, wao wameshapitia orodha nyingi wanajua thamani yake.

Mpaka sasa tuna mistari 64. Daftari nimeliweka ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko ndani ya kopo la rangi lenye mfuniko, linaning'inia darini kwenye msumari.

Mama wa kabalagala alikuja jumapili jioni mikono bado ina mafuta, akaniuliza niandike jina gani, lile la mama fulani au lile la kwao. Nikamwambia la kwako. Akanitajia, na mi niliyekaa naye uani miaka sita nikamwomba arudie herufi kwa herufi, sababu nilikuwa silijui.